Moshi wa Boti na Fedha za Ruzuku: Afya Yetu Huko Deltani



Wapenzi wasomaji wa ukurasa huu wa afya, mwezi huu tunawaomba mpande boti pamoja nasi. Tumezoea kuzungumza hapa juu ya malaria, kuhara, chanjo na lishe ya watoto, na huenda wengine watashangaa kutuona tumeingia katika mambo ya injini, petroli na ruzuku ya serikali. Lakini kila mwenye ndugu kule Mbwera, Kiomboni, Msala au Maparoni anafahamu kwamba katika delta ya Rufiji boti ndiyo barabara. Mgonjwa hupelekwa zahanati kwa boti, dawa za zahanati huletwa kwa boti, mwalimu hufika kazini kwa boti, na padre akienda kuadhimisha Misa kwa waamini wachache wa visiwani hana njia nyingine. Wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, hata baadhi ya wakazi wa bara huku Kibiti na Rufiji waliokolewa kwa boti. Kwa hiyo kinachoingia katika tangi la boti, na kinachotoka katika bomba lake, kinatuhusu sote, Wakristo na majirani zetu Waislamu.

Kilichotusukuma kuandika ni swali la mama mmoja wa jumuiya yetu. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane. Familia ikaamua asafiri mapema kutoka kisiwani hadi Nyamisati, na kutoka hapo aende Kibiti akasubiri siku zake karibu na wauguzi. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, nasi tunawapongeza. Boti ilikuwa imejaa, akakaa chini karibu na nahodha, pembeni ya madumu ya petroli, na kwa saa kadhaa akawa amelowa maji ya ngama. Alipofika Nyamisati alikuwa na malengelenge mapajani na makalioni kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Mama yake akatuuliza, "Moto haukuwapo. Sasa mwanangu kaunguzwa na nini?"

Kaunguzwa na petroli, mama.

PETROLI HAINGOJI KIBERITI

Watu wengi hudhani petroli ni hatari pale tu panapokuwa na moto. Sivyo. Petroli ikichanganyika na maji ya chumvi chini ya boti, kisha mtu akayakalia kwa muda mrefu, huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuichubua, na mwisho humtia majeraha ya kuungua. Wahudumu wa afya wanaopokea wahamiaji waliookolewa katika Bahari ya Mediterania wameyaona majeraha hayo mara nyingi, na huwapata zaidi wanawake na watoto, kwa sababu hao ndio wanaokalishwa chini katikati ya boti ili wawe salama. Desturi yetu ni hiyo hiyo. Mama mjamzito hupewa nafasi ya chini asije akayumba, na kumbe ndipo maji ya ngama yanapokusanyika.

Yako madhara mengine ambayo hayaachi alama ya kuonekana. Injini ya kupachika ikinguruma polepole na upepo ukitoka nyuma, moshi hautoki botini, hurudi kwa abiria, na kama kuna turubai la kuzuia jua hujikusanya chini yake. Ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa hiyo huzuia damu isibebe oksijeni ya kutosha. Abiria huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, na wenzake humwambia ni bahari imemchafua. Mara nyingine ni bahari kweli. Lakini mkiona waliokaa nyuma wanatapika na waliokaa mbele ni wazima, tena maji yametulia, msisingizie mawimbi. Mtoto aliye tumboni huumizwa na hewa hiyo kuliko mama yake.

Kuhusu moshi wa dizeli, kitengo cha Shirika la Afya Duniani kinachotafiti saratani kilitamka Juni 2012 kwamba unasababisha saratani ya mapafu. Petroli nayo ina benzini, inayodhuru damu ya anayeivuta mwaka hadi mwaka. Hatusemi haya ili kumtisha abiria wa siku moja. Tunawafikiria manahodha na vijana wao wanaokaa kando ya injini tangu alfajiri hadi jioni, siku sita za juma, wengine tangu wana miaka kumi na minne.

ROBO YA DUMU INAENDA MTONI

Injini nyingi tunazoziona deltani ni zile za aina ya zamani, ambazo huchanganywa oili ndani ya petroli. Zinapendwa, na kuna sababu. Ni nyepesi, kijana mmoja hubeba begani. Fundi yeyote wa pwani anaijua. Ikizimika katikati ya mkondo hufunguliwa, plagi ikafutwa, safari ikaendelea. Kasoro yake ipo katika tumbo lake. Wakati inapoingiza mafuta mapya, tundu la kutolea moshi huwa bado liko wazi, na sehemu ya mafuta hayo hupita moja kwa moja bila kuungua. Katika injini za namna hiyo zenye kabureta, kiasi kinachopotea ni karibu robo ya mafuta yote.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme boti inatumia lita 20 kwa siku, na petroli inauzwa shilingi 3,000 kwa lita. Robo ni lita 5, yaani shilingi 15,000. Kwa siku sita ni shilingi 90,000 zilizomwagwa majini na hewani bila kusukuma boti hata hatua moja. Mke wa mvuvi akizijua fedha hizo, nadhani nyumbani patakuwa na mazungumzo. Na maji hayo ndiyo yenye kamba, kaa na samaki wetu, na tope la mikoko likishanyonya mafuta huyashika miaka mingi.

Hali huwa mbaya zaidi mafuta yakiwa yamechakachuliwa. Wasomaji watakumbuka jinsi mafuta ya taa yalivyokuwa yakichanganywa katika dizeli na petroli kwa kuwa yalikuwa rahisi, mpaka EWURA ilipoanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Injini inayolishwa mchanganyiko hutoa moshi mzito na huchakaa mapema.

Injini za kisasa zisizochanganywa oili hupunguza sana upotevu huo. Moshi wake ni mdogo, sauti yake ni ndogo, na mafuta hudumu. Ila tuseme ukweli wote: ni nzito zaidi, bei yake iko juu, zinataka mafuta safi na fundi aliyesomea, na vipuri vyake si vitu vya kuokota Nyamisati. Mvuvi anayezikwepa si mjinga. Amepiga hesabu ya kile alicho nacho mfukoni leo. Hapo ndipo linapoingia suala la ruzuku.

MELI ILIYOKOSA MAKAA SALALE

Kabla ya hapo tugeuke nyuma kidogo, maana delta yetu imeshaona vyombo vya kila namna ya nishati. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja hapa na kaskazi kupakia boriti za mikoko, yakaondoka na kusi kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Yaliendeshwa kwa upepo. Hakuna meli ya leo, ya Ulaya wala ya Asia, iliyo safi kuliko jahazi lile.

Kisha ikaja meli ya makaa. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Waingereza Pegasus pale Unguja tarehe 20 Septemba, ilijificha humu ndani ya mikoko, ikatia nanga Salale. Wazee walisimuliana habari za mizinga, lakini kilichoibana meli ile tangu mwanzo kilikuwa nishati. Makaa yalikuwa machache, Waingereza walikuwa wamezuia njia za kuyapata, na matanuri yake yalikuwa mabovu, hata sehemu zake zikakokotwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa na kurudishwa. Mabaharia wakaugua malaria kwa wingi. Tarehe 11 Julai 1915 meli ikaangamizwa. Hapo tunajifunza kwamba chombo ni mateka wa mafuta yake, na anayeteseka kwanza ni yule aliye ndani.

Siku hizi meli kubwa tunazoziona zikisubiri kuingia bandari ya Dar es Salaam huchoma mafuta mazito yenye salfa, ambayo moshi wake huwasha koo na kuamsha pumu. Kabla ya mwaka 2020 tani moja ya mafuta hayo iliruhusiwa kuwa na hadi kilo 35 za salfa. Tangu tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Bahari limeshusha kiwango hicho hadi kilo 5. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, kiwango cha dizeli ya magari katika nchi za Afrika Mashariki tangu 2015 ni gramu 50 tu kwa tani, yaani mara mia moja chini ya hicho cha meli. Ndugu zetu wa Kurasini na Kigamboni wanaelewa tunasema nini.

RUZUKU HUNUNUA NINI?

Ruzuku ni fedha ya umma inayotolewa ili kitu kimfikie mwananchi kwa bei nafuu. Ni fedha yetu, imetoka katika kodi ya chumvi, sabuni na vocha tunazonunua. Kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza inanunua nini.

Mwaka 2022 bei ya mafuta ilipopanda duniani kote, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali ya bei kuanzia Juni 1, na ikaendelea kwa miezi kadhaa. Hatuna haja ya kuidharau. Nauli ya boti ikipanda, wa kwanza kuahirisha safari ni mama anayepaswa kwenda kliniki, na mgonjwa wa kifua kikuu ambaye dawa zake zimekwisha. Lakini bei elekezi za EWURA hupangwa kwa vituo vya mafuta. Mafuta ya visiwani hununuliwa kituoni kwa madumu, hupakiwa kwenye gari, hushushwa, hupakiwa botini, halafu huuzwa tena kwa lita au kwa chupa. Kila mkono unaogusa dumu unaongeza chake. Ruzuku ikifika Kiongoroni imeshakonda. Tena ruzuku ya bei hainunui injini mpya. Miezi ikiisha, robo ya dumu inaendelea kwenda mtoni kama zamani, na sehemu ya ile bilioni 100 imekwenda nayo.

Kuna ruzuku ya namna ya pili, ile inayobadilisha chombo chenyewe. Katika miaka ya 2010 wizara inayohusika na uvuvi ilikuwa na mpango wa kuchangia asilimia 40 ya bei ya injini za boti kwa vikundi vya wavuvi, nao wakalipa asilimia 60. Januari 2024 huko Mwanza Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za kisasa 160 kwa mikopo isiyo na riba. Na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukikopesha watu wanaotaka kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini, kusudi petroli isiuzwe tena katika chupa za soda. Kwetu sisi tunaoandika habari za afya, huo wa mwisho unastahili sifa kuliko unavyopewa, na tutaeleza sababu hivi punde.

Tunachokiona kinapungua ni sharti. Mvuvi akipewa nafuu ya kununua injini, apewe nafuu kubwa zaidi akichagua isiyotoa moshi, na pamoja nayo pawepo fundi aliyefunzwa na duka la vipuri lisilo mbali na Kibiti. Kivuko nacho kikijengwa kwa fedha ya umma, kama kile cha MV Kilindoni kilichojengwa kwa ajili ya safari za Nyamisati na Mafia, zabuni yake iseme mapema kiwango cha moshi kinachokubalika. Kwa sasa nafuu inapimwa kwa idadi ya vyombo vilivyogawiwa. Mapafu ya wanaovipanda hayaingii katika hesabu.

WENZETU WALIFANYAJE?

Norwe ni nchi ya visiwa na ghuba nyingi, vivuko kila upande. Mwaka 2007 serikali yao ilianza kutoza kodi juu ya hewa chafu ya naitrojeni inayotoka katika injini za meli na viwanda. Wenye meli wakalalamika. Mwaka uliofuata wakakubaliana jambo la busara: badala ya kulipa kodi hiyo, wachange katika mfuko maalumu, na mfuko huo uwarudishie wale wanaobadilisha injini. Serikali nayo ilipotoa zabuni za vivuko ikadai vyombo safi. Matokeo yake, mwaka 2015 kivuko kiitwacho Ampere kilianza kubeba magari na abiria kwa nguvu ya betri peke yake, safari ya kama dakika 20 kila upande, kikichajiwa gatini wakati magari yanashuka.

Msomaji atasema, Norwe wana fedha. Ni kweli. Lakini safari fupi yenye gati mbili zinazojulikana ni kitu tulichonacho hata sisi, na jua la kuchaji betri tunalo kuwazidi. Upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria wameanza kukodishia wavuvi injini za betri, mvuvi akalipa kwa matumizi badala ya kununua chombo kizima kwa mkupuo. Kwa mkondo wa Rufiji wakati wa bamvua, na kwa safari ya kuvuka hadi Mafia, betri hizo bado ni mtihani. Kwa kuvusha watu kijiji hadi kijiji maji yakiwa yametulia, tungependa kuona zinajaribiwa.

Wengine hutuuliza mbona gesi ya Songo Songo hupita kwa bomba katika ardhi yetu kwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na boti zetu hazionji. Ziko meli kubwa duniani zinazotumia gesi, na moshi wake hauna masizi mengi. Ila matangi yake ni ya pekee na ya gharama, na gesi ikivuja huongeza joto la dunia. Kwa mtumbwi wa mvuvi hiyo si njia ya karibu.

TUKIWA TUNANGOJA

Serikali ina mwendo wake, na boti ya kesho asubuhi inaondoka maji yakijaa. Kwa hiyo tuseme yale yaliyo mikononi mwetu.

Jambo la kwanza tunaloomba ni kuacha kunyonya petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Vijana huliona ni jambo la ushujaa. Tone dogo likipotea njia likaingia mapafuni huleta kichomi kikali ambacho hakitokani na vijidudu. Pampu ndogo ya mkono ni bei ndogo kuliko kulazwa.

La pili ni zile chupa za soda. Mtoto mwenye kiu haulizi ndani mna nini. Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa, tafadhali sana akina mama na akina bibi, msimtapishe. Wala msimshindilie maziwa, ingawa ndivyo tulivyofundishwa na wazee wetu, kwa sababu atatapika, na mafuta yakipanda kooni mara ya pili ndipo yanapoingia mapafuni. Mvueni nguo zilizolowa, muosheni ngozi kwa sabuni na maji, kisha mpelekeni zahanati mara moja, hata kama anacheza. Kikohozi na kuhema haraka vinaweza kuanza baada ya saa kadhaa, na kama ni usiku na maji yamekupwa mtajuta kwa kungoja. Hii ndiyo sababu tulivisifu vituo vidogo vya mafuta. Panapokuwa na kituo cha karibu, hakuna haja ya kuweka akiba ya petroli chini ya kitanda.

Botini, maji ya ngama yafuliwe kabla abiria hawajakaa na tena njiani. Madumu yafungwe vizuri, yakae mbali na watu. Mjamzito na watoto wakae mbele ya injini kwa kadiri inavyowezekana, juu ya ubao au kiroba kikavu, na turubai liachwe wazi upande mmoja hewa ipite. Aliyelowa petroli abadilishe nguo hapo hapo; aibu ya kubadilisha nguo mbele za watu ni ndogo kuliko malengelenge, na kanga mbili zinatosha kumsitiri. Nahodha achanganye oili kwa kipimo kilichoandikwa na watengenezaji, si kwa kukadiria kwa jicho. Oili ikizidi ni moshi mtupu, ikipungua injini inakufa.

Yule binti wa mama yetu alisafishwa vidonda Nyamisati, akaendelea na safari hadi Kibiti, na akajifungua salama mtoto wa kiume. Baba wa mtoto ni mvuvi. Yeye na wenzake wanne wanajiandaa kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambao hauna riba. Walituletea karatasi yao ya maombi tuisome. Mahali pa kutaja injini walikuwa wameandika tu "injini moja ya boti". Tumewashauri waandike aina isiyochanganywa oili, waweke bei yake, na chini yake waongeze mstari wa mafunzo ya fundi mmoja wa kikundi. Karatasi wameirudisha kwa mwenyekiti wa kijiji ili aigonge mhuri.